Zawadi za sikukuu kazini: nani ampe nani, na kwa namna gani

Siku chache kabla ya sikukuu, kundi la WhatsApp la kazini hubadilika. Maswali ya ripoti yanapungua, na unaingia ujumbe wa aina nyingine: "Wapendwa, mnaonaje tukimfanyia bosi kitu kidogo?" Chini yake vinafuatana vidole gumba, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana wa kwanza kupinga. Mwenye mshahara mnono na mwenye mkataba wa miezi mitatu wote wameshakubali kabla hawajajua wamekubali kutoa kiasi gani.

Zawadi ya kazini haiendi kama ya nyumbani. Ndugu akikupa kitu mwaka huu nawe huna, mtakutana kwenye harusi, msiba au shughuli nyingine, na hesabu itajisawazisha yenyewe bila mtu kuishika. Kazini, mpokeaji anaweza kuwa ndiye anayesaini likizo yako, anayepanga zamu, anayeandika tathmini yako ya mwaka. Kwa hiyo kujiuliza kama atafurahi hakutoshi. Jiulize pia: akishapokea, atabaki huru kuniambia ukweli kuhusu kazi yangu? Na yule ambaye hakutoa, atabaki salama? Zawadi isiyomwachia mtu deni ndiyo zawadi inayofaa kazini, na hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla ya kununua chochote

Taasisi nyingi zina utaratibu wa zawadi, na wafanyakazi wengi hawajawahi kuusoma. Utafute kwenye kanuni za utumishi au kwenye mkataba wako. Usipouona, muulize ofisa rasilimali watu moja kwa moja: "Naomba kujua utaratibu wetu wa zawadi za sikukuu, hasa kati ya mtu na mkuu wake." Unataka kujua kama kuna kiwango cha juu cha thamani, kama fedha taslimu zinaruhusiwa, na kama zawadi itokayo kwa mteja au mzabuni inapaswa kuandikwa kwenye daftari la zawadi.

Kama uko kwenye utumishi wa umma, usiipite hatua hii. Serikali nyingi zimeweka mipaka kwenye maandishi. Kwa mfano, serikali kuu ya Marekani inamkataza mtumishi kumpa zawadi mkuu wake wa kazi, kisha inaruhusu mambo machache: kitu kisicho fedha chenye thamani isiyozidi dola 10 kwa nyakati kama sikukuu, vitafunwa vya kushirikiana ofisini, na ukarimu wa kawaida wa kukaribishana nyumbani. Matukio makubwa na ya nadra, kama ndoa, kupata mtoto au kustaafu, yamewekewa nafasi pana zaidi. Huko kwenu kiwango kinaweza kuwa tofauti kabisa, lakini mantiki iliyo chini yake inasafiri vizuri: zawadi ya kwenda juu iwe ndogo, isiwe fedha, na ikiwezekana iwe ya kuliwa na wote.

Wa sekta binafsi nao wasidhani haya hayawahusu. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 inagusa hata kampuni binafsi zinapopeana zawadi ili kupata upendeleo wa kibiashara. Kikapu cha sikukuu kutoka kwa mzabuni ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao si kikapu tu.

Hatua ya 2: Jua zawadi yako inaelekea wapi

Chukua karatasi uandike majina ya unaotaka kuwapa. Pembeni ya kila jina weka mshale: anaelekea juu yako, ubavuni mwako, au chini yako kimadaraka. Zoezi hili halimalizi dakika tano, lakini linaondoa nusu ya wasiwasi.

Zawadi za kazini hushuka. Mkuu humpa anayemsimamia, kwa sababu yeye ndiye mwenye nafasi na kipato zaidi, na kwa sababu anayepokea hawezi kumlipa kwa upendeleo wowote. Zawadi inayopanda ina shida hata ikitoka kwenye moyo safi. Wewe unaweza kuwa unampenda bosi wako kweli, alikusimamia mwaka ulipokuwa mgumu, na unataka kumshukuru. Mwenzako wa meza ya pili hajui hayo. Anachokiona ni mfuko wenye utepe ukiingia ofisini kwa mkuu, wiki mbili kabla ya majina ya kupandishwa vyeo kutoka. Ukipanda, watasema umenunua. Usipopanda, huenda wewe mwenyewe ukaanza kujiuliza. Na bosi naye amewekwa mahali pabaya, maana kila uamuzi atakaokupa sasa una kivuli.

Kwa hiyo jibu la swali linaloulizwa kuliko yote, "Je, lazima nimpe bosi zawadi?", ni hapana. Si lazima, na mara nyingi ni afadhali usimpe. Mwandikie kadi. Maneno mahususi yanamfikia mkuu kuliko kitu cha dukani, kwa sababu wakuu husikia malalamiko mwaka mzima na ni nadra kuambiwa walipofanya vema. Andika jambo moja lililotokea: "Nakushukuru kwa jinsi ulivyonitetea kwenye kikao cha bajeti. Nilijifunza namna ya kusimamia hoja bila kugombana." Hilo halina bei, halina deni, na hakuna atakayelisema vibaya.

Wako wakuu wanaotarajia zawadi, hata kuidokeza. Kama kazi yako iko hivyo, usijifanye shujaa peke yako. Ungana na wenzako mtoe kitu kimoja kidogo kwa jina la idara nzima, cha kutumika ofisini, na kisiwe na orodha ya waliochanga.

Hatua ya 3: Ukiwa wewe ndiye mkuu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mkuu ndiye mwenye uwezo wa kuifanya sikukuu iwe nyepesi au nzito kwa watu wote walio chini yake.

Jambo la kwanza hulifanyi na pochi. Mapema, kabla mtu hajaanza kukusanya michango, tuma ujumbe wa kuwazuia wasikununulie kitu. Uwe mfupi na usio na mashaka:

"Ndugu zangu, sikukuu inakaribia. Naomba mwaka huu mtu yeyote asininunulie zawadi, binafsi wala kwa mchango. Kazi mliyofanya inanitosha. Mkiwa na chochote cha ziada, kiende kwa familia zenu."

Usiongeze "ingawa mkipenda sana..." Neno hilo moja litafuta ujumbe wote.

Ukiamua kutoa, wape wote walio chini yako, siku moja, vitu vya thamani moja. Usawa hapa haumaanishi kitu kilekile kwa kila mtu. Unaweza kuwachagulia vitu tofauti ukijua wanapenda nini. Ila wakilinganisha, na watalinganisha, pasiwepo anayejiona alisahauliwa au alipendelewa. Kama bajeti yako haitoshi kuwapa wote kitu, wape wote barua. Kuwapa watatu kati ya wanane ni kubaya kuliko kutompa yeyote.

Kisha hesabu tena watu wako, kwa sababu orodha ya mshahara haiwataji wote. Mfanya usafi aliyeletwa na kampuni nyingine. Mlinzi wa zamu ya usiku ambaye hamuonani kwa sababu unaondoka kabla hajaingia. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Aliye kwenye likizo ya uzazi. Anayefanya kazi kutoka nyumbani, ambaye hushiriki kila sherehe kwa kutazama picha. Hawa ndio wanaosahaulika, na ndio wanaokumbuka muda mrefu zaidi walipokumbukwa. Kwa walioletwa na kampuni nyingine, muulize msimamizi wao kwanza, kwa sababu mwajiri wao anaweza kuwa na kanuni zake.

Usichanganye zawadi na haki. Malipo ya saa za ziada, posho iliyochelewa, bonasi iliyo kwenye mkataba: hayo ni stahili za mfanyakazi na hayafungwi utepe. Mtu anayedai mishahara miwili hawezi kufurahia kikombe chenye nembo ya kampuni. Na hicho kikombe chenye nembo, pamoja na fulana, kalamu na kalenda, ni vifaa vya matangazo. Vigawe mwezi mwingine wowote, lakini usiviite zawadi ya sikukuu.

Zawadi ambayo karibu kila mfanyakazi anaithamini ni muda. Nusu siku ya mapumziko kabla ya sikukuu, au ruhusa ya kutojibu simu za kazi kwa siku fulani. Ila hakikisha kazi haiwasubiri ikiwa imerundikana: ukimwachia mtu aondoke saa sita mchana huku ripoti yake bado inatakiwa jioni ileile, hujampa kitu.

Mwisho kwa upande huu, kadi ziandike mwenyewe. Wakuu wengi humtuma katibu muhtasi akanunue, akafunge, akaandike, na hata akasaini. Watu wanautambua mwandiko. Mistari miwili yenye jambo moja la kweli kuhusu kazi ya mhusika inatosha: ule mfumo wa kumbukumbu alioupanga upya, yule mteja mkali aliyemtuliza. "Asante kwa bidii yako" kwa watu kumi na wawili ni tangazo la ubaoni.

Hatua ya 4: Kwa wenzako wa ngazi moja

Huku kuna uhuru zaidi. Mpe unayemtaka, usimpe usiyemtaka, ila usifanye hivyo mbele za watu. Mwenzako ambaye mmekuwa marafiki wa kweli, mpe zawadi yake nje ya kazi, mkikutana jioni au nyumbani. Ukimkabidhi mezani kwake huku wengine watano wakitazama, umewaambia watano hao jambo ambalo hukukusudia kulisema.

Kama ungependa kuwakumbuka wote bila kujiumiza, leta kitu kimoja cha kushirikiana na ukiweke mahali pa pamoja. Kadi ndogo juu yake, basi. Hakuna atakayejiona ana deni lako.

Hatua ya 5: Mchango, ukiwepo, usiwe kodi

Michango ndiyo inayoharibu sikukuu nyingi kazini. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" ni methali nzuri, na ni masikitiko kuiona ikibandikwa juu ya orodha yenye majina, kiasi, na nafasi tupu mbele ya wale ambao hawajatoa. Orodha hiyo ikisharushwa kwenye kundi, moyo hauhusiki tena. Anayesomesha watoto wanne anakopa ili jina lake lipate alama ya vema.

Mchango wa haki unafuata utaratibu huu. Anayekusanya asiwe mkuu, wala msaidizi wa karibu wa mkuu, kwa sababu ombi lake litasikika kama agizo. Asiseme kiwango cha chini. Asiandike nani katoa nini. Aandike jumla tu. Kama ni bahasha, izunguke kwa kila mtu pamoja na kadi ya kusaini, na asiyeweka kitu asaini kama wengine. Kama ni kwa simu, fedha ziende kwa mtu mmoja anayejulikana kwa kutunza siri, naye mwishoni atangaze jumla na kilichonunuliwa, pamoja na risiti. Mtu akihama kazi, akipata mtoto au akistaafu, watu huwa tayari kuchanga zaidi, hivyo usiwachoshe na michango midogo midogo ya kila sikukuu.

Ujumbe wa kuanzisha mchango unaweza kuwa hivi:

"Habari zenu. Tunaandaa kadi na zawadi ndogo kwa wafanya usafi na walinzi wetu. Anayependa kuchangia anitumie kiasi chochote hadi Ijumaa. Majina hayataandikwa, na kadi ni ya wote, hata usipochangia."

Na kama wewe ndiye usiyeweza, au usiyetaka, jibu ni fupi. Lielekeze kwa anayekusanya peke yake, si kwenye kundi: "Asante kwa kuandaa. Safari hii sitachangia, ila nitasaini kadi kwa furaha." Usieleze ada za shule, usieleze mgonjwa. Ukitoa sababu, umefungua mlango wa sababu hiyo kujadiliwa, na huna wajibu wa kumfungulia mtu wa kazini mfuko wako. Anayekusanya naye ajibu "Sawa, hakuna shida," kisha lisizungumzwe tena, hata kwa utani.

Hatua ya 6: Kuchota majina

Kama ofisi inataka wote wapeane, kuchota majina ndiyo njia nafuu: kila mtu ananunua zawadi moja na kupata moja, na hajui aliyempa. Inaondoa ubaguzi, na inamwezesha hata mkuu kushiriki kama mtu wa kawaida, mradi kiwango cha bei kiheshimiwe na wote.

Kiwango kipimwe kwa uwezo wa yule anayepata kidogo kuliko wote, bila kumtaja. Muulize kimya kimya mwandalizi: je, mtu wa mshahara wa chini kabisa hapa ataweza kutoa hiki bila kupunguza matumizi ya nyumbani? Kama kuna shaka, shusheni. Na kikishatangazwa, asiwepo wa kukivuka. Anayenunua kitu cha mara tatu ya kiwango "kwa sababu nina moyo" amewaaibisha waliotii makubaliano.

Uchotaji wenyewe una tatizo ambalo watu hulishangaa kila mwaka: mtu anachota jina lake mwenyewe, mnarudisha karatasi zote, mnaanza upya, na inatokea tena. Si bahati mbaya. Kwa kundi la watu 5 au la watu 50, uwezekano kwamba angalau mmoja atachota jina lake ni karibu 63 kati ya 100. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mara mtakazochota mtalazimika kurudia. Dawa yake ni rahisi. Mtu mmoja asiyeshiriki aandike majina yote kwenye vipande vya karatasi, avichanganye, avipange kwa mduara, kisha kila jina limpe zawadi jina linalofuata, na la mwisho limpe la kwanza. Hapo haiwezekani mtu kujipata mwenyewe. Anamnong'oneza kila mmoja jina lake, na orodha anaitunza hadi siku ya kupeana, kwa ajili ya yule atakayesahau. Akiona mtu ameangukia mkuu wake wa moja kwa moja, ahamishe kipande kimoja kabla ya kutangaza.

Mwandalizi awaulize watu wanaotaka kushiriki, asiwaulize wasiotaka. Ukisema "Anayependa aniandikie," asiyependa ananyamaza tu na maisha yanaendelea. Ukisema "Asiyependa aseme," umemlazimisha ajitangaze. Na awe na zawadi moja ya akiba, kwa sababu siku ya kupeana kuna mmoja ataugua au atasahau, na aliyepaswa kupokea kutoka kwake asikae mikono mitupu mbele ya wenzake.

Hatua ya 7: Chagua kitu

Watoaji wengi hudhani kadiri kitu kinavyokuwa ghali ndivyo kitakavyothaminiwa. Watafiti Francis Flynn na Gabrielle Adams walichapisha matokeo mwaka 2009 yanayoonesha kwamba watoaji ndio wenye imani hiyo. Wapokeaji hawakuthamini zaidi zawadi kwa sababu tu ilikuwa ya bei. Flynn akiwa na Francesca Gino alionesha pia, mwaka 2011, kwamba watu hufurahia zaidi kupewa walichokiomba kuliko kile ambacho mtoaji alijibunia akidhani ni cha upekee. Kwa kazini hili ni jema kulijua: nunua kidogo, na uliza. "Ungependa kitu cha kusoma au cha mezani?" si swali linaloharibu mshangao.

Vitu vinavyofaa ni vile vinavyotumika vikaisha, au vinavyotumika kila siku bila kumwambia mpokeaji chochote kuhusu mwili wake, imani yake au mapungufu yake. Daftari zuri, mmea mdogo wa mezani, chupa ya maji imara, majani ya chai, kitabu cha jambo unalojua analipenda, kadi ya manunuzi ya duka ambalo yeye mwenyewe hulitumia.

Vya kuepuka vinafahamika, lakini watu wanaendelea kuvinunua. Manukato na mafuta ya ngozi yanamkaribia mtu mno, na mengine yanaweza kumsababishia mzio. Nguo zinahitaji ujue saizi, na kukosea saizi ni kumwambia mtu unavyomwona. Mzani, vifaa vya mazoezi na vitabu vya kurekebisha tabia vinasomeka kama ushauri ambao haukuombwa. Vito kwa mtu wa jinsia nyingine ambaye si mwenzi wako vitazua maneno, na kama wewe ni mkuu wake vinaweza kuzua malalamiko rasmi. Zawadi za utani zina hatari yake: utani wa kuhusu umri, upara, useja au uzito huchekwa na chumba kizima isipokuwa mmoja.

Pombe iache, hata kama unadhani unajua mtu anakunywa. Huenda aliacha mwezi uliopita. Vyakula visome lebo. Jelatini, ile inayogandisha pipi laini, mara nyingi hutokana na nguruwe, kwa hiyo pipi hizo zinaweza zisiwe halali kwa Mwislamu. Karanga zinaweza kumpeleka hospitali mwenye mzio. Na Mhindu anaweza asiifurahie pochi ya ngozi ya ng'ombe. Kuuliza "Kuna kitu usichotumia?" kunatosha kuyamaliza yote haya.

Toa lebo ya bei. Mpokeaji asipewe kazi ya kupiga hesabu.

Hatua ya 8: Sikukuu ya nani?

Kazini kuna watu wa imani nyingi na wasio na imani, hivyo chagueni kama mnapeana kwa sikukuu fulani au kwa kufunga mwaka. Mwisho wa mwaka wa kazi ni jambo linalowahusu wote, na kadi ya "Asante kwa mwaka huu" haimtengi mtu.

Mkiamua kuadhimisha sikukuu za dini, basi ziwe zote zinazowahusu watu mlio nao. Haipendezi Krismasi ipewe sherehe na Iddi ipewe ujumbe mmoja wa saa nne usiku. Tarehe zinahitaji kufuatiliwa: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Iddi haikai mwezi mmoja, Wakristo wa makanisa mengi ya Kiorthodoksi husherehekea Krismasi Januari 7, Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi wala siku za kuzaliwa, na mwenzako akikataa kushiriki kwa sababu hiyo, usimbembeleze na usimwonee huruma. Mpe barua ya shukrani siku nyingine isiyo na jina.

Hatua ya 9: Kupokea

Pokea kwa mikono miwili, tazama usoni, shukuru. Kama umefungua na si kitu chako, shukuru kwa kukumbukwa, ambako ni kweli. Kuandika ujumbe mfupi siku inayofuata kunapendeza, hasa ukitaja kitu chenyewe.

Mtu akikupa nawe hukumwandalia, usikimbilie dukani mchana kurudisha. Watu hufanya hivyo kwa hofu, na zawadi iliyonunuliwa harakaharaka hujionesha. Sema tu: "Umenifurahisha, asante sana." Kama unataka kumkumbuka, kumbuka baadaye, siku isiyohusiana.

Kwa mkuu aliyeletewa kitu cha thamani na mtu anayemsimamia, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kukataa kunaweza kumwaibisha mtu aliyetoa kwa nia njema. Usikatae mbele za watu. Pokea, kisha mwite faragha siku hiyohiyo au kesho yake, umrudishie ukimwambia: "Nimeguswa ulivyonikumbuka. Ila kwa nafasi niliyo nayo siwezi kupokea kitu cha thamani hii kutoka kwa mtu ninayemsimamia, na ningemjibu hivihivi mtu yeyote wa idara yetu. Kadi yako naibakiza." Asiambiwe mwingine yeyote. Kama ni kitu cha kuliwa, kiweke mahali pa pamoja siku hiyohiyo kwa jina la aliyekileta.

Zawadi kutoka kwa mzabuni au mteja haibaki kwa mtu mmoja kwa siri. Mwarifu mkuu wako au ofisa anayehusika, iandikwe kwenye daftari ikiwa na tarehe, jina la kampuni iliyotoa na thamani ya makadirio, kisha ofisi iamue: irudishwe, igawiwe kwa wote, au itolewe msaada. Barua ya kurudisha iandikwe kwa jina la ofisi: "Tunashukuru kwa kutukumbuka. Utaratibu wetu hauturuhusu kupokea zawadi kutoka kwa kampuni tunazofanya nazo biashara, na tunairudisha tukiwatakia sikukuu njema." Tunza nakala ya barua hiyo pamoja na sahihi ya dereva aliyeupokea mzigo.